Krimu ya Uso kwa Ajili ya Tromboni

Wapiga tarumbeta wa bendi yetu ya parokia, hapa Bukoba mjini, hawajui shida. Chombo chao kina pistoni tatu fupi zinazopanda na kushuka palepale, na matone machache ya mafuta mepesi yanawatosha. Mafuta hayo huagizwa Kampala, yanakuja na basi kwenye kichupa kama cha dawa ya macho, na wenyewe wanayaficha ndani ya soksi. Mimi napiga tromboni. Tromboni yetu haina pistoni, ina mkono: bomba refu lililovikwa juu ya bomba jingine, na kila ukitaka noti lazima uusukume au uuvute mbele ya waumini wote. Ukikauka, unakwaruza. Ukizidisha mafuta, unanata. Mafuta ya pistoni niliyowaibia wale mabahili yalikuwa mepesi mno, yakakauka kabla hatujamaliza wimbo wa Utukufu.

Kwa hiyo nilianza kutafuta mwenyewe, na nilijaribu kila kitu chenye utelezi kati ya soko la mjini na Nyanga ninakoishi. Mafuta ya cherehani yalinifurahisha kwa muda, kisha yakashika vumbi yakawa gundi. Mafuta ya kupikia siyasemi, maana sisimizi waliandamana hadi kwenye begi. Fundi wa bodaboda alinijia na kidole kimejaa grisi nyeusi, anatabasamu kabisa, nikamfukuza. Mwalimu wa bendi, mtu asiyepoteza maneno, aliniambia tungekwenda Muleba Jumapili ile kwenye misa ya shukrani, na mkono ukinikwamia huko atanipa ngoma kubwa.

"Ngoma haihitaji kupakwa," alisema.

Nikaingia kwenye simu. Nikamkuta mzee mmoja wa Ulaya anaonyesha wanavyofanya wazee wa tromboni: krimu ya uso, ile nyeupe nzito ya kinamama, kidogo sana, inasambazwa mpaka isionekane, kisha unanyunyizia maji kwa chupa ya saluni. Krimu inashika maji, maji yanateleza, mkono unakwenda wenyewe. Nilicheka peke yangu jikoni.

Kesho yake nilikuwa kwenye duka la vipodozi. Kumbuka kwamba mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu ambaye mji mzima unajua sipaki hata mafuta ya midomo. Muuzaji alifurahi kama aliyepata mgeni wa siku nyingi.

"Hatimaye! Ngozi yako ni kavu au ya mafuta, dada?"

"Kavu. Inakwaruza."

"Na hii chupa ya kunyunyizia?"

"Nikishapaka, nainyunyizia maji."

Aliifunga kwa karatasi ya maua na kunipa jicho la kujua mambo. Ningeweza kumweleza. Sikumweleza, kwa sababu umbea wake ulinifurahisha, na kwa sababu nilisahau kwamba amezaliwa Maruku, nyumba ya pili kutoka kwa shangazi yangu.

Shangazi huyu ndiye dada mkubwa wa marehemu baba. Katika ukoo wetu, binti akiolewa, shangazi ndiye anayempaka samli mwili mzima kabla hajatoka nyumbani. Siku hizi mabibi harusi wanakimbilia saluni, lakini kwetu hakuna aliyethubutu kumkwepa. Amewapaka dada zangu wote. Nimebaki mimi. Samli yangu anaiweka kwenye kibuyu kidogo chenye shingo, na kila mwaka anaitoa na kuweka mpya isije ikachacha. Alimwahidi baba, baba alipokuwa kitandani karibu na kufa, kwamba hatakufa kabla ya kunipaka. Mimi nilishakata shauri zamani kwamba sitaolewa, na sina majuto, lakini kile kibuyu nilikuwa nakiogopa.

Jumamosi mchana alishuka kwenye bodaboda mlangoni kwangu, amevaa gomesi ya sikukuu, kibuyu kifuani. Nilipiga goti kumsalimia. Hakungoja hata maji.

"Mwana wange, yuko wapi?"

"Nani, Shangazi?"

"Huyo unayempakia krimu!"

Nilikwenda chumbani, nikarudi na tromboni, nikaiweka mezani, na pembeni yake krimu na chupa. Nikauvuta mkono. Ulikwenda kimya, laini, mpaka mwisho, ukarudi. Kwa mara ya kwanza ulifanya kazi kama inavyotakiwa na nikajikuta sina furaha yoyote.

"Waitu, ni huyu," nikasema kwa heshima ya kwetu.

Alilitazama lile bomba. Alitazama krimu. Nilitegemea matusi, maana kwa matusi ni hodari, lakini alikaa tu na kukipangusa kibuyu kwa upindo wa gomesi, pale ambapo hapakuwa na vumbi. Niliumia. Ningetukanwa ningejua la kufanya. Tulikula ndizi zetu, na kabla ya kulala aliuliza kama basi la bendi lina nafasi.

Muleba asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi. Tulikuwa tunajipanga nje ya kanisa, wapiga tarumbeta wanadondoshea pistoni zao matone yao ya ubahili, ndipo shangazi akapenya katikati yao na kunisukumia kibuyu mkononi.

"Mpake," akasema. "Kama ndiye huyu, basi mpake kitu cha kwetu. Siyo hiyo ya dukani." Akageuka, akaingia kanisani, akakaa benchi la mbele kabisa.

Mwalimu wa bendi alikitazama kibuyu, akanitazama mimi, kisha akaitazama ngoma kubwa.

Samli ndani ya mkono wa tromboni, kwenye baridi ile, ni sawa na kuutia saruji. Nilijua kabisa. Na nilijua pia kwamba mwanamke yule angenusa kutoka benchi la mbele kama nimepaka au sijapaka. Nikakizibua kibuyu. Harufu ya moshi na maziwa ikatoka, harufu ya dada zangu siku walizoondoka. Nikakunja mikono ya shati la bendi. Nikajipaka mimi, kuanzia vidoleni hadi juu ya viwiko. Nikajifuta viganja tu, nikanyunyizia maji kwenye mkono wa tromboni, tukaingia tukipiga.

Haukukwama hata mara moja. Wakati wa matoleo nina kipande changu peke yangu, kifupi, na niliusukuma mkono mpaka mwisho wake, karibu na sikio la shangazi. Hakusogea. Pua yake tu ndiyo ilikuwa inafanya kazi.

Baada ya misa alinifuata uani. Akanishika mkono, akapitisha kiganja chake kutoka kiwiko hadi vidole, akanusa.

"Nilikupa umpake yeye."

"Yeye angekwama, Shangazi. Nimejipaka mimi."

"Mawe!" akashangaa kwa lugha ya kwetu. "Na umejipaka vibaya." Akaninyang'anya kibuyu, akamimina samli yote iliyobaki kiganjani, na palepale, bendi nzima na nusu ya Muleba wakitazama, akanipaka shingo, nyuma ya masikio na mashavu, kwa nguvu, kama anavyowapaka wote. Wapiga tarumbeta waliacha kucheka walipoona machozi yake.

Alipomaliza alikigeuza kibuyu juu chini. Hakikudondosha kitu. Akakipiga kofi matakoni, akanikabidhi.

"Haya. Utamwekea huyo bwana wako maji yake humu."