Masharti ya Kupatiwa Sweta

Mimi sina ugomvi na Eliezeri. Wapo hapa Same wanaosema namsengenya. Ninayoisengenya mimi ni fomu yake, maana niliipiga chapa kwa mikono yangu hii, maswali kumi na tisa, na kila swali lilinichoma moyo.

Eliezeri ni mtu wa Suji, kule juu. Miaka ile ya shida alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, na sabuni ikija ni vipande arobaini kwa kaya mia tatu. Kwa hiyo kazi yake haikuwa kuuza, ilikuwa kukataa. Unakwenda na barua ya balozi wa nyumba kumi, unapanga mstari, unajieleza kwa nini unataka kuoga. Lakini niseme haki yake: hakuiba hata kiberiti. Wenzake wa vijiji vingine waliezeka bati kwa sukari ya watu, yeye akatoka na kalamu nyekundu na jina lake safi.

Halafu zikaja siku za ruksa. Bidhaa zikajaa mjini mpaka zikalazwa chini kwenye maturubai, na duka la kijiji likafungwa. Eliezeri akabaki nyumbani, hana wa kumkatalia.

Mkewe, Veneranda, ndiye mwenye kazi ya mikono. Kikundi cha akina mama wa kanisani kilipata mashine moja ya kufumia sweta, wakampa yeye ajaribu, kwa sharti: mpaka Jumamosi ya kabla ya Krismasi awe na oda ishirini. Asipokuwa nazo, mashine inakwenda kwa Yudith, anayemfuatia kwenye orodha. Veneranda amefuma kwa sindano mbili tangu akiwa msichana, sweta moja wiki nzima, mgongo unamuuma. Kwa mashine alimaliza sweta mbili kwa siku. Aliipenda mashine ile, jamani! Aliifunika kwa kanga yake ya harusi.

Wateja atawatafuta nani? Eliezeri akasema hiyo mwachieni yeye.

Akashuka mwezi wa kumi mpaka kibarazani kwangu, karibu na stendi, ninapowapigia watu chapa. Alikuwa na wazo, na wazo lilikuwa zuri, sikatai. Tangazo la ukurasa mmoja lipelekwe kwa watoto waliochaguliwa kuanza shule za milimani mwezi wa kwanza. Chini kuna fomu, mzazi anaikata, anaijaza, anaituma kwa posta kwenye sanduku lake hapa Same. Mteja halazimiki kupanda mlima. Nani mwingine huku alikuwa anauza hivyo? Hakuna.

Kisha akanipa karatasi aliyoiandika. Juu kabisa: TANGAZO KWA WOTE WANAOHUSIKA. Chini yake: MASHARTI YA KUPATIWA SWETA. Neno kwamba sweta hizo zinauzwa lilikuwa mstari wa kumi na moja. Bei: itatajwa kwa watakaokubaliwa. Halafu fomu. Jina la mwombaji, la baba, la babu. Kabila. Kazi. Idadi ya sweta zilizopo nyumbani kwa sasa. Sababu ya kuhitaji sweta. Ambatanisha barua ya balozi.

Nikamwambia, "Kaka Eliezeri, unauza sweta au unatoa pasipoti?"

"Dada Fortunata, lazima nijue nampa nani."

"Humpi. Ananunua kwako. Mtu akishika karatasi aone sweta, aone bei, aone pa kutuma. Basi. Ukimuuliza habari za babu yake ataiweka chini akachemshe maharage."

"Mwenye shida ya kweli atajaza," akasema.

Hapo ndipo nilipochoka. Nikapiga kama alivyoandika, tukadurufu nakala mia mbili, akaondoka akiwa ameridhika. Mteja akitaka kujichongea, mimi kazi yangu ni kupiga chapa.

Mwezi wa kumi na moja ukapita. Jumatano ya wiki ile ya mwisho ya sharti wakashuka wote wawili. Shikamoo, marahaba, Veneranda akakaa kwenye benchi langu. Amekonda. Amekuja, akasema, tuandike tangazo lingine upesi, zimebaki siku tatu na hajapata oda hata moja. Machozi yalikuwa karibu, nikaona haya kumtazama.

Nikamgeukia mumewe. "Watu mia mbili, hata mmoja hakujibu?"

"Waliojaza kwa ukamilifu?" akauliza. "Hakuna."

Veneranda akainua kichwa. "Na wasiojaza kwa ukamilifu, Baba Clemence?"

"Hao ni ishirini na sita."

Eliezeri hakuwa anaficha kitu, ndiyo maana huwezi hata kumpiga. Hakuna aliyemuuliza habari za waliokataliwa. Anazo kwenye faili mkobani, zimepangwa kwa tarehe, na kila moja ina maelezo yake kwa kalamu nyekundu.

"Lete," akasema Veneranda.

Tukasoma. Barua ya balozi haikuambatanishwa. Jina la babu halisomeki. Mwombaji tayari ana sweta moja. Ya kumi na nne ilitoka Maore, kule chini kwenye joto, kwa mama mmoja anaitwa Mwanaasha. Kwenye sababu ameandika: Mwanangu Salama amechaguliwa shule ya milimani na hajawahi kuona baridi. Chini yake, kwa wino mwekundu: Sababu haijitoshelezi.

Veneranda hakupiga kelele, na mimi ningekuwa yeye ningezipiga mpaka stendi ijae. Alizifunga zile karatasi kwenye kanga akasema, "Jumamosi utakuja mwenyewe kwa akina mama, utazisoma kwa sauti. Zote. Na ulichoandika wewe."

Akazisoma. Unamjua Eliezeri, akipewa karatasi haruki mstari. Akina mama walicheka mpaka ya kumi hivi, kisha wakaacha. Alipofika ile ya Maore, mwenyekiti akamuuliza, "Baba Clemence, ingetosha sababu gani?" Akafikiri sana, maana alitaka kujibu vizuri. Akasema hajui. Wakahesabu oda ishirini na sita, mashine ikabaki kwa Veneranda. Yudith mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, akaahidi kusaidia kushona vifungo.

Veneranda alifuma mpaka siku ya mwaka mpya, mumewe akipeleka. Mwezi wa kwanza Eliezeri akaja tena kwangu na karatasi. Nikavaa miwani nijiandae kwa vita. Imeandikwa: SWETA ZA SHULE. Bei hiyo hapo, kubwa. Jina la mtoto, umri, shule. Tuma.

"Maswali mengine kumi na sita yamekwenda wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa namtania tu.

Hakucheka. Akaniambia habari za Maore. Sweta ya Salama aliipeleka yeye mwenyewe, kwa basi mpaka kule chini, jua linachoma, sufu mkononi. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima. Mama yule akampa kigoda na maji. Alipomtajia tu jina lake, Eliezeri wa Suji, lile la kwenye fomu, mama akashtuka, akapiga goti mbele yake.

"Nisamehe, baba," akasema. "Ile fomu sikuijaza vizuri. Mimi sikusoma. Nilimwomba jirani anishikie kalamu, na la sababu tulikaa nalo usiku kucha."

Eliezeri akafika hapo, akawa anaitazama mashine yangu ya chapa.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Nilimwambia aliijaza vizuri sana," akasema, "ila mimi ndiye niliyekuwa sijui kusoma."