Sikuwa na Pepo, Nilitaka Kurudi Mombasa

Nilikosa mimi. Nalitanguliza hilo mapema, maana mkisikia habari ya mwanamke wa mji aliyehamishiwa shamba mtaanza kunihurumia. Msinihurumie! Wa kuhurumiwa alikuwa mwengine, na aliyemponza ni mimi.

Nilizaliwa na kukulia Mombasa, mtaa wa Majengo. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa mke kijana wa Bakari, mtu wa Msambweni aliyekuwa akifanya kazi ya ghalani karibu na Kilindini. Tulipanga chumba kimoja. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na taa ya stima, mfereji wa maji uani, na nikikaa barazani habari za mtaa mzima zilinipitia. Nilikuwa na binti mchanga na mume mpole. Nilijiona sina haja ya kitu.

Basi mwenye nyumba akapandisha kodi. Ghalani nako wakapunguza watu, Bakari akawa anaitwa siku wanapomtaka tu. Ikifika mwisho wa mwezi alikuwa anakaa kitandani akitazama sakafu.

Siku moja akaniambia, "Mke wangu, mji umetushinda. Twende kwetu. Kule nyumba ni ya mama, muhogo ni wa mama, na kiwanda cha sukari cha Ramisi wanataka watu wa kukata miwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tupate nafuu."

Nilikubali. Sikuburutwa, nilikubali kwa mdomo wangu. Tukavuka Likoni na kitanda chetu, sufuria zetu na mtoto mgongoni.

Bakari hakunidanganya. Mama yake, Bi Mejumaa, alinipokea kama mtoto wa kumzaa. Alinipisha chumba chake mwenyewe, yeye akahamia kile cha uani. "Usiwe mgeni hapa, mwanangu," aliniambia. Kodi hakuna, chakula kipo. Tulishiba kuliko tulivyoshiba Mombasa!

Lakini mimi nilipachukia. Nilichukia maji ya kisima yenye chumvi, nikachukia moshi wa kuni, na lile giza lililokuwa likituingia magharibi tu, mpaka tuwashe chemli. Kamba ya kisima ilinitoa malengelenge viganjani. Shoga zangu wa mjini wakiolewa, habari zilinifikia arusi imekwisha na nyimbo zimekwisha.

Aliyenishika mkono ni jirani yetu, Bi Mwanasha. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akiuza vitumbua asubuhi kando ya njia. Yeye na mama mkwe wangu walikuwa mashoga tangu usichana wao, hapikwi kitu nyumba moja ila sahani imekwenda nyumba ya pili. Alinifundisha kuvuta maji bila kuumia, alinifundisha kusuka makuti, na binti yangu alianza kutembea akimfuata yeye.

"Shikamoo bibi," nilikuwa nikimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hujambo na Mombasa yako?" Hapo hucheka, kwa sababu mazungumzo yangu yote yalikuwa ni ya huko.

Nilimlilia Bakari turudi. Kila jioni! Yeye anarudi amejaa masizi ya miwa iliyochomwa, hajavua shati, mimi nimeshaanza. Jibu lake lilikuwa moja: "Tukirudi tutakula nini? Tutalala wapi?" Na alikuwa na haki. Hilo ndilo lililozidi kuniudhi.

Ndipo siku moja palipigwa ngoma ya pepo kwa jirani mwengine. Nilimwona mwanamke ameanguka, pepo akaulizwa anataka nini. Akataja leso, akataja nyama ya mbuzi. Yote akapewa, na mumewe amesimama pale mnyonge kama aliyemwagiwa maji. Nilirudi nyumbani na wazo langu kifuani.

Nikaanza kidogo kidogo. Nikaacha kula mbele ya watu, nikala kwa kuiba. Nikawa natetemeka, nazungumza peke yangu. Bi Mejumaa akawa analia kwenye mswala. Ami yake Bakari akataka nisomewe Kurani, nikasomewa, nami nikazidi kujitupa chini. Yarabi, nilifanya mchezo hata mbele ya maneno Yako!

Bi Mwanasha ndiye hakudanganyika. Aliniingilia jikoni nikiwa na muhogo umenijaa mdomoni. Hakunikemea. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kama wataka kwenu, sema. Nitazungumza na mumeo mimi, na Mejumaa niachie mimi. Lakini usijitie katika mambo haya. Kuingia ni rahisi."

Neno moja tu, "ndiyo," na yote yangekwisha pale pale! Lakini niliona haya. Nikamwambia naumwa kweli, hanijui. Akanyanyuka akaenda zake. Tangu hapo nikawa namwogopa.

Akaletwa mganga. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, uani umejaa watu. Nikaanguka kama nilivyozoea. Bi Mwanasha ndiye aliyewahi kukishika kichwa changu kisije kikapiga chini. Akakiweka mapajani mwake, akawa ananipepea kwa ncha ya leso yake.

"Wewe ni nani?" mganga akauliza.

"Mimi wa mji."

"Wataka nini?"

"Nataka mji! Nataka taa! Hapa giza!"

Nikasikia mama mkwe akisema kwa kilio, "Tutampeleka. Mwambieni tutampeleka." Nimeshinda! Nilichokitaka nimekipata. Lau yangeishia pale, leo ningekuwa mwongo tu.

Mganga akauliza tena, "Na nani aliyekutuma kwake?"

Hilo sikulitazamia. Leso iliyokuwa ikinipepea ikasita, na mimi nikadhani sasa anasema, sasa ananiumbua mbele ya mume wangu na kijiji kizima. Nikaikamata ile leso.

"Huyu," nikasema. "Huyu anayenishika."

"Mwanasha?" Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kutamka. "Mwanasha wangu mimi?"

Nilifumbua macho kidogo. Bi Mwanasha alikuwa ananitazama. Alikuwa na la kusema, alikuwa na ule muhogo wa jikoni, na hakusema. Alikitoa kichwa changu mapajani taratibu, akakilaza kwenye mkeka, akajifunga leso yake vizuri akaondoka. Kwa nini hakusema? Mpaka leo sijui. Labda alijua hakuna atakayemsikiliza. Labda alinihurumia.

Kesho yake hakuna aliyenunua kitumbua chake. Salamu zikakatika. Kila mtoto aliyewahi kupata homa kijijini akakumbukwa, kila mnazi uliokauka ukapewa sababu. Muhogo wake ukang'olewa. Makuti ya paa lake yakavutwa mchana kweupe, na yeye yumo ndani, nami nasikia! Bakari alitaka kwenda kuwazuia, mama yake akamshika mkono: "Usiende. Mkeo kidogo afe kwa ajili yake."

Nilikuwa nimeketi pale pale. Ningeweza kusimama, sikusimama.

Bi Mwanasha akahama na kitita chake kichwani, akaenda Majoreni kwa watoto wa marehemu nduguye. Binti yangu alimkimbilia njiani akimwita. Nilimfuata nikamrudisha kwa kumvuta mkono.

Na sisi tukarudi Mombasa, ndiyo. Chumba tulichopata kilikuwa kibaya kuliko kile cha kwanza. Taa ilikuwepo, na mimi chini ya taa ile sikuwa na raha. Bakari akawa hamali, anabeba magunia mpaka akapinda mgongo. Hakulalamika. Alikuwa akiamini ananiokoa roho yangu.

Bi Mejumaa akabaki peke yake kule. Mwana kaondoka, shoga kafukuzwa. Siku moja aliteleza penye kisima akavunjika nyonga. Alilala pale juani mchana wote, hakupita mtu. Zamani asingelala pale hata kidogo, maana Bi Mwanasha asiposikia sauti yake huja kumtazama. Tulipofika hakuwa na siku nyingi. Alikuwa anaota kwa homa, akimwita Mwanasha alete maji, kisha akizinduka anatema mate akisema asitajiwe jina lile.

Tulipomaliza matanga nilishindwa kuvumilia. Bakari alikuwa anakula. Nikamwambia, "Sikuwa na pepo."

Alibaki na tonge mkononi.

"Na Bi Mwanasha?"

"Nilimtaja tu."

Akalirudisha tonge sahanini, akanawa. Kisha akasema, "Mama amekufa anamchukia mtu aliyempenda." Hakuniacha, na wala hakunipiga. Lakini tangu siku ile tuliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja, mpaka mauti yalipomchukua. Hilo nalo nalistahili.

Nilikwenda Majoreni kumtafuta Bi Mwanasha. Nilimkuta ukumbini mwa watoto wa nduguye, amekwisha mwili, anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Lile neno "mwanangu" hakulisema.

Nikamwangukia miguuni, nikalia nikamweleza yote, kana kwamba yeye hayajui. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikwisha kukusamehe," akasema. "Nilikusamehe ili nipate kulala. Lakini msamaha wangu haunirudishi nyumbani. Nenda kule uliposema, ukaseme. Wasikie wale waliosikia. Nataka nikazikwe kwetu, ubavuni mwa mume wangu."

"Wallahi nitakwenda, bibi."

Niliapa! Nikarudi Mombasa nikajiambia, baada ya mfungo. Mfungo ukaisha, binti yangu akaposwa, nikajiambia, wakwe watasemaje wakisikia, acha arusi ipite. Arusi ikapita, binti akapata mimba. Kila nilipotaka kwenda nilipata cha kunizuia, na kilichokuwa kikinizuia hasa kilikuwa haya yangu tu.

Zikaja habari kwamba Bi Mwanasha amefariki. Wamemzika Majoreni.

Hapo ndipo nilipokwenda. Msinisifu, nilikwenda wakati hakuna tena wa kufaidika. Niliwaomba wazee, wakakusanya watu nje ya msikiti baada ya sala ya Ijumaa, wanaume upande mmoja na wanawake upande mmoja. Nikasimama nikasema yote. Nikasema, yule mama hakumroga mtu, mwongo ni mimi. Mzee mmoja aliinamisha kichwa, nikamtambua, alikuwa mmoja wa waliovuta makuti. Wengi wa wale wengine walikuwa vijana. Walinitazama kama mtu anayesimulia habari za nchi ya mbali.

Nilipomaliza, mwanamke mmoja kijana akamuuliza mwenzake, mimi sikukusudiwa kusikia, "Anamsema nani? Yule wa Kwa Mchawi?"

Nikauliza Kwa Mchawi ni wapi. Akanyoosha kidole kwenye kiwanja cha Bi Mwanasha, pameota magugu, pana mabaki ya mawe ya meko yake. Ndivyo panavyoitwa. Watoto hukatazwa kupita hapo. Watu humwelekeza mgeni njia kwa jina hilo: fika Kwa Mchawi, kata kushoto.

Nyinyi mnaohama mji kwa sababu mji umewashinda, sikilizeni. Kuhama si aibu. Kushindwa na shamba pia si aibu, kuna waliozaliwa huko na wanalilia mji vile vile. Ukichoka, mwambie mwenzako kwa ulimi wako: nimechoka. Ugombane naye, ulie, urudi kwenu ukipenda. Usitafute mtu wa kumbebesha! Na ukishamtaja mtu kwa uongo, kaufute siku ile ile, hata ukitukanwa, hata ukiachwa. Ukichelewa utakuta neno lako limekwisha kuzaa, nawe huna nguvu ya kulirudisha.

Mwaka huu nilikwenda tena kule. Nikamsikia kijana akimwelekeza mwenye baiskeli. Nikamshika mkono nikamwambia, mwanangu, pale panaitwa Kwa Bi Mwanasha. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Sawa, bibi." Kisha akamgeukia mwenye baiskeli akamwambia, "Ukifika Kwa Mchawi, kata kushoto."