Kivuli Cheupe Kichwani mwa Dada

Dada yangu alikuwa akiumwa na kichwa upande mmoja, na jicho la upande ule likaanza kufifia. Hospitali ya Chake wakatuelekeza Unguja, kwenye mashine ya kupiga picha mifupa. Tukapanda meli Wesha, mimi, yeye, na shangazi aliyetulea.

Daktari aliibandika picha dirishani. Nilidhani nitaiona sura ya dada. Nikaona fuvu tu, na juu ya sikio doa jeupe. Akasema hicho ni kivuli cha uvimbe. Kivuli, tena cheupe! Skuli nilisoma kidogo, na hata leo sina hakika kama nilimfahamu sawasawa, lakini nilivyoelewa, kitu kizito huuzuia mwanga wa mashine, pale pakabaki peupe. Akaweka rula juu ya doa. Lilikuwa pana kama limau. Akatwambia kwa upole kwamba uvimbe mdogo, bara wako wanaojaribu kuutoa, ila wa kiasi kile hakuna atakayeugusa.

Dada hakulia. Alijikuna kichwa tu, na kucha zikatoka nyeusi. Daktari akamshika mkono, akauliza ile ni nini.

"Wanja wa manga, bwana daktari," shangazi akajibu. "Nimeusaga, nikautia mafuta ya nazi, nikamkandika penye maumivu. Kwetu ndiyo dawa."

Nilitaraji daktari atamfokea. Hakumfokea. Alisema wanja ni jiwe, na jiwe nalo huzuia mwanga. Kosa ni lake kutopekua nywele. Shangazi naye akasema la, kosa ni lake yeye. Mie sikuona wa kumlaumu.

Dada akaoshwa kwa sabuni, akapigwa picha nyingine. Tulipokuwa tukingoja, shangazi alininong'oneza kuwa doa litakuwa limetoka lote na maji, nami nikatamani iwe hivyo. Halikutoka lote. Rula ilipowekwa tena, lilikuwa limepungua, dogo kama kungumanga.

"Basi ugonjwa ninao," dada akasema.

"Unao. Ila mwanzo niliupima pamoja na dawa."

Shangazi akataka turudi Pemba siku ile ile. Akasema fuvu la mtu si dafu la kupasuliwa. Hakusema vibaya, maana daktari mwenyewe hakuahidi kitu.

"Shangazi," dada akamwambia, "lile limau halikuwa na njia. Hili linayo."

Akajifunga kanga juu ya nywele mbichi, akanituma nikaulize meli ya bara huondoka lini.