Mafungu Manne

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na wiki ile zahanati moja ya Mishomoroni ilinipa sababu. Nilikuwa nimewaandikia programu ya kutafuta kadi za chanjo za watoto. Hifadhidata yake ilikaa ndani ya programu yenyewe, kwenye kompyuta moja ya mezani, bila mtandao wala mashine nyingine nyuma yake. Nilijivuna nayo. Kumbe ilikuwa inajikokota, kina mama wanangoja kwenye benchi na watoto wanalia, hadi muuguzi mkuu akaniambia kwa upole kwamba ikifika Ijumaa haijabadilika, wanarudi kwenye kabati la kadi.

Tatizo lilikuwa majina. Mama wa Kigiriama ametamka dz, aliyeandika kasikia j. Kwa hiyo programu haikuweza kulifuata jina moja kwa moja. Ilibidi ipitie kadi zote, ikilinganisha matamshi.

Aliyelitunza kabati lile kwa miaka mingi alikuwa bibi mmoja wa Mvita, na kazi yake ndiyo ambayo programu yangu ilikuja kuichukua. Kila asubuhi nilimpa shikamoo bila kumtazama vizuri usoni. Alhamisi umeme ukakatika, naye akafungua kabati. Akaweka kadi zote mezani, akazigawa mafungu manne: moja lake, mawili ya wauguzi, moja langu. Kadi ya kwanza ilipatikana kabla sijafika nusu ya fungu. Wala hakuzirudisha kabatini. Zilikaa mezani mpaka foleni ikaisha.

Umeme uliporudi akaniuliza mashine yangu hutafutaje. Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba ina prosesa nne, yaani kama watu wanne, ila anayetafuta ni mmoja.

"Na hao watatu wangoja nini?"

Walikuwa wananingoja mimi. Kwa kuogopa wawili wasije wakaandika kadi moja kwa pamoja wakaiharibu, nilikuwa nimeamuru kila kazi ifanywe na prosesa moja, hata kutafuta, ambako hakuharibu kitu. Tena nilikuwa nimeibania programu kumbukumbu ya kompyuta, hivyo kwa kila jina ilikwenda kusoma diski upya, kama mtu anayerudisha kadi zote kabatini kila akihudumia mtoto mmoja. Niliona aibu, na nikacheka.

Nilikaa palepale mchana ule nikarekebisha. Kazi ya kuandika nikaiachia prosesa moja. Ya kutafuta nikaigawa mafungu manne, kila prosesa na lake, na kadi zote zikapakiwa kwenye kumbukumbu asubuhi, zikabaki humo kutwa. Ijumaa kadi ilikuwa inatokea kabla mama hajamfungua mtoto mgongoni. Programu ikabaki.

Bibi aliondoka kazini mwisho wa mwezi ule. Alijua fika alichokuwa ananifundisha na kitamgharimu nini, na hakusema neno baya. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo ninalomshukuru zaidi.

Juzi alikuja amembeba mjukuu. Nikampa shikamoo, safari hii nikimtazama. Akaitikia marahaba, akataja jina la mtoto mara moja tu, lenye dz, na kadi iliyoandikwa kwa j ikatokea.

"Umegawa," akasema.

"Wewe ndiye uliyenigawia, bibi."

Nikainama nikaubusu mkono wake, mbele ya benchi zima.