Usukani wa Mwalimu wa Udereva

Mwalimu wa udereva alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na kila Jumamosi mkewe, fundi cherehani, alimshinda kwenye gemu ya mbio za magari, wakipokezana padi moja ya kubonyeza vitufe. Kosa, bila shaka, lilikuwa la padi. Dereva wa hadhi yake angeendeshaje gari kwa vidole gumba? Basi wakaenda dukani kutafuta kifaa cha pili, wakakubaliana washindane palepale, na mshindi ndiye achague: usukani au padi nyingine.

Mwalimu akaketi nyuma ya usukani. Akasogeza kiti, akakanyaga breki mara tatu kuijaribu. Akatafuta kioo cha pembeni asikione, akamtazama muuzaji kwa masikitiko.

Mbio zilipoanza, mkewe alichomoka na padi yake. Mwalimu alisubiri magari yote yapite, ndipo akaingia barabarani kwa adabu zake zote. Kila kona alipunguza mwendo.

"Baba watoto, unashindana au unapeleka mayai sokoni?"

"Sijamgonga mtu hata mmoja," alijibu, akimaliza wa mwisho.

"Hongera. Polisi wakija watakupa mkono."

Muuzaji akamuuliza mshindi anachukua kipi. Mikono ya mwalimu ilikuwa ingali imeushika usukani, kama anayeaga.

"Mfungie usukani," mkewe akasema. "Amependeza nao. Na mimi nimeshazoea kushinda, sitaki kubahatisha."