Karatasi Iliyoliwa na Mbuzi

Ipo siku moja haijanitoka akilini mpaka leo, mjukuu wangu, na wewe ndiye uliyenikumbusha jana, ulipomwambia mwenzio Raya kwa simu kuwa picha ya karatasi ya maneno ya mwalimu umeifuta. Nilikuwa jikoni. Masikio yangu hayajazeeka.

Mie nimesoma hapa hapa Gando. Wakati huo mwalimu wetu hakuwa na mashine ya kutoa kopi. Aliandika kwa mkono karatasi moja ya maneno ya Kiingereza, yote yakianza kwa herufi s na h zikifuatana, na maana zake pembeni. Karatasi ile ikilala leo nyumba hii, kesho nyumba ile, kila mtoto anakili kwa zamu yake. Mtihani wa kwenda sekondari ulikuwa wiki ya pili yake, na nafasi zilikuwa chache.

Baada yangu ilikuwa zamu ya Zuwena, jirani yetu. Zuwena alikuwa na kichwa chepesi kuniliko, na mie nikilijua hilo vizuri sana. Basi nilipokwisha kunakili nikaificha karatasi chini ya godoro, nikamwambia kuwa mbuzi wetu kaila, na nakala yangu pia. Unajua alinijibu nini? "Masikini, mwalimu asije akakupiga. Ntamwambia mie kuwa si kosa lako." Nikaitikia ahsante, sina hata haya.

Siku ya pili, baada ya alasiri, nilikuwa na bibi yangu jamvini tunachambua karafuu, karafuu huku, vijiti vyake, makonyo, kule. Midomo yangu ilikuwa ikinong'ona yale maneno. Bibi hakujua Kizungu hata kidogo, lakini akapenda kusikia. "Kalete hiyo karatasi, unisomee."

Nikaitoa ile ile ya mwalimu chini ya godoro, nikaileta. Nikasoma kwa maringo, nadhani nilijiona mkubwa wa shule. Shore, ufukwe. Sharp, kali. Shelter, mahali pa kujisitiri. Shy, mwenye haya. Bibi anachambua tu, anasema "ehe, endelea." Nikafika kwenye share.

"Hilo nalo nini?"

"Kugawana, bibi."

Mikono yake ikasimama. "Mamake Zuwena kapita hapa asubuhi, kanipa pole ya karatasi kuliwa na mbuzi. Nikamwitikia, n'kamwambia ahsante. Lakini mbuzi wetu yuko kondeni, kafungwa tangu juzi. Sasa hiyo uliyoishika karatasi gani?"

Mwanangu, nilitamani jamvi linifunike. Nilidhani atanichapa, na ningependa anichape, yakaisha. Hakunichapa. Akarudi kwenye karafuu zake, akasema taratibu: "Kugawana umelijua kwa Kizungu. Inuka umpelekee mwenzio, ukae naye mpaka ayajue yote. Na useme kwa kinywa chako kuwa mbuzi hana kosa."

Nilikwenda nikilia. Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na mie nimemlaani mbuzi wa watu bure." Hakunikasirikia zaidi ya hapo, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Tukakaa barazani kwao jioni tatu. Kila neno aliloniuliza, nikaona kumbe mie nililikariri tu, sikulielewa. Kumweleza yeye ndiko kulikonifunza.

Matokeo yalipotoka, Zuwena alichaguliwa. Mie sikuchaguliwa. Sitakudanganya, nililia siku mbili, na moyo wangu ulisema, laiti ungeiacha chini ya godoro. Bibi alinipikia uji akaketi nami.

Lakini likizo ya kwanza tu, Zuwena alirudi kutoka Madungu, kwenye sekondari yake, alikokuwa akikaa kwa shangazi yake, na daftari kwapani. Akaja moja kwa moja kwetu, hata kwao hajaingia. "Haya, kaa. Nimekuletea ya darasani." Akafanya hivyo kila likizo, miaka yote ya skuli yake. Kiingereza nilichomfundisha mama yako, na mama yako akakufundisha wewe, ni cha madaftari yale. Ndiye huyo Bi Zuwena unayemwamkia kila Ijumaa, unayedhani anakuja kwa ajili ya mkate wangu wa kumimina.

Basi nasaha yangu ni hii. Ulichokisoma hakipungui akikisoma na mwenzio. Huenda Raya akakupita mtihanini, sikatai, na itakuuma. Muache akupite akiwa rafiki yako, maana usipopata nafasi mwaka huu utahitaji mtu wa kukujia na daftari, na huyo hapatikani kwa uongo. Picha hukuifuta, nimeiona asubuhi uliponionesha simu yako. Mtumie kabla ya magharibi, na umwambie mwenyewe kuwa ulimdanganya.

Mola akufungulie ufahamu, mwanangu, akupe moyo mweupe, na akujaalie Zuwena wako. Haya, simu iko mkononi mwako, mie niko hapa nakusubiri.