Papai Chini ya Mlango

Juzi niliona mlango wa garaji wa jirani umeinama upande mmoja, nikamkumbuka Papa, baba yetu. Mlango wetu wa chuma ulilia ukivutwa juu, na mdogo wangu alipenda kulala kivulini chini yake. Mchana mmoja Papa alimwondoa, akaweka papai bivu mahali pake, akauachia mlango ushuke. Kamba yake ya chuma, iliyochakaa, ikakatika, mlango ukaliponda papai. Ua wote ukanuka papai na grisi.

“Papa, unaharibisha papai yetu!” nikalalamika.

“Ile iko kichwa ya mudogo yako. Bon, haya, lete kamba mupya.”

Nilidhani ananitania, nikanuna hadi jioni. Leo wazazi hawapo, na kila mwezi naikagua kamba mimi. Mdogo wangu, mwenye ndevu sasa, bado hapiti pale bila kutazama juu.